Elijah Masinde: Mchezaji Mpira wa Kimilili Aliyekataa Wera ya Lazima, Gava Ikampeleka Mathari

Kama uko Butula, Bumala, Matayos ama hapo Malaba ukingoja foleni ya trela isonge, hebu tulia kidogo. Kila Oktoba unakumbushwa Kimathi na msitu wa Aberdare, na ni sawa, buda alistahili. Lakini kuna msee wa pande hizi zetu za magharibi alianza kumsumbua mkoloni miaka kadhaa kabla ya hali ya hatari kutangazwe mwaka wa 1952, na vijana wengi wanamjua tu kama yule mzee wa unabii ambaye watu hutumiana habari zake kwa simu. Anaitwa Elijah Masinde.

Na kabla hujaniuliza: hapana, si yule wa chuo kikuu pale Kakamega. Yule ni Masinde Muliro, mwanasiasa, aliyefariki 1992. Wote wawili wametoka pande za Kimilili, ndio maana watu wanawachanganya. Huyu wa leo hakuvaa suti ya bungeni. Alichezea mpira timu ya taifa, akafukuzwa kanisa, akaanzisha dini, akatupwa hospitali ya wagonjwa wa akili, akapelekwa Lamu, na hata uhuru ulipokuja bado alionja jela. Ukisikia hivyo haraka haraka utasema huyu alikuwa na shida zake. Ngoja kwanza uone shida zilitoka wapi.

Turudi nyuma kidogo kwa ramani. Mpaka 1902, hapo ulipo kulikuwa Uganda. Si mchezo. Waingereza walihesabu sehemu hii yote, kutoka mpaka wa sasa hadi Naivasha huko, kuwa mkoa wa mashariki wa Uganda. Aprili mwaka huo wakachora mstari mpya na sisi tukajikuta upande huu. Wasamia wakabaki huku na huku, Wateso vilevile, na Wabukusu wakatenganishwa na ndugu zao Wagisu wa Mbale. Hakuna kuka wala kukhu wa mtu aliyeulizwa kama anataka. Leo ukivuka Busia kwenda upande wa pili na unapata watu wanaongea lugha moja na nyumbani kwenu, hiyo ndiyo sababu.

Lakini kwa Wabukusu kidonda kilikuwa kimefunguka hata kabla ya huo mstari. Mwaka wa 1895 ngori ilianza juu ya bunduki. Kikosi kidogo kilichotumwa kuzirudisha kikamalizwa na Wabukusu. Waingereza, wakiongozwa na Charles Hobley, wakakusanya jeshi la Wasudani, Waganda, Wamaasai na watu wa Wanga, wakaja kulipiza. Wabukusu walikuwa na ngome za kuta za udongo na mitaro. Ya Lumboka ilianguka kwanza, kisha wakakimbilia ngome ya Chetambe, juu ya mlima pale Webuye. Nayo ikavunjwa. Mikuki dhidi ya bunduki ya Maksimu, unaelewa hesabu. Waliokufa walikuwa mamia, wanawake na watoto wakatekwa, ng'ombe wakaswagwa. Masinde hakuwa amezaliwa. Lakini alizaliwa katika nyumba ambazo wazee wake walihesabu ukoo kwa kutaja nani alibaki Chetambe.

Bosi wa kuletwa

Baada ya kushinda, mkoloni alihitaji watu wa kumtawalia. Askari wazungu hawakutosha na pesa haikuwepo. Mfalme Mumia wa Wanga alikuwa rafiki yao tangu misafara ya biashara, kwa hivyo wakamtumia. Mwaka wa 1909 wakamtangaza chifu mkuu, na ndugu na jamaa zake wakatumwa kutawala watu ambao hawakuwa wamewahi kuwa chini ya Wanga: Wabukusu, Wakabras, Watsotso, Wakhayo, na ndiyo, Wamarachi wa Butula pia. Kimilili kulipelekwa Murunga, ndugu yake Mumia.

Hapa usiende kumchukia jirani yako wa Mumias. Mkulima wa kawaida wa Wanga alilipa kodi kama wengine na akabeba mizigo kama wengine. Shida ilikuwa mpango wenyewe. Chifu mgeni anategemea mzungu, hategemei wazee wa mtaa. Akiambiwa alete kodi ya vibanda fulani na vijana fulani wa kazi, ataleta tu, hata kama ni kwa fimbo, kwa sababu asipoleta anapoteza kiti. Na kodi inapita mikononi mwake, kesi za mashamba anaamua yeye. Malalamiko dhidi ya machifu wa kuletwa yaliendelea miaka mingi katika wilaya nzima, na ndiyo siasa ya kwanza ambayo wazee wa Butula na wazee wa Kimilili walikuwa nayo kwa pamoja. Wakati huo zote mbili zilikuwa wilaya moja, North Kavirondo, na DC wao mmoja, kwanza Mumias, halafu kuanzia 1920 Kakamega.

Sasa katika nchi hiyo, karibu 1910 au 1912, ndipo Masinde anazaliwa Kimilili, chini ya Mlima Elgon, ule ambao wenyewe huita Masaba.

Alipokuwa mtoto mdogo vita vya kwanza vya dunia vikaanza. Wanaume walichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi hadi Tanganyika, chakula kibaya, maleria, kuhara. Wengi sana hawakurudi. Ukishuka Kariokor pale Nairobi kununua viatu vya ngozi, jina hilo limetoka kwa kile kikosi cha wapagazi. Waliorudi walipata zawadi gani? Kipande. Sheria ilitungwa 1915, ikaanza kutumika vita vilipoisha. Kila mwanaume Mwafrika kuanzia miaka 16 alitakiwa kuwa na karatasi yenye alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara na siku aliyoachishwa, imefungiwa ndani ya kikopo cha chuma, kinaning'inia shingoni kama kengele ya mbuzi. Ukihepa kazi kwa mdosi mbaya, makarao wanakupata kirahisi, kwa sababu mdosi hakutia sahihi ya kukuachilia.

Askari wazungu wa vita hivyohivyo nao walipata nini? Mashamba. Mwaka wa 1919 serikali ilitoa ardhi kwa waliotoka vitani, na wengine walipewa kwa bahati nasibu. Nasema tena, bahati nasibu. Karatasi inavutwa, jina linasomwa, mtu ambaye hajawahi kuona Mlima Elgon anapata maelfu ya ekari Trans Nzoia. Hapo ndipo Wabukusu na Wasabaot walikuwa wakilisha ng'ombe. Wakiuliza, wanaambiwa ardhi ilikuwa tupu. Ukiangalia malisho wakati ng'ombe wamehamishwa, kweli utaona patupu.

Hesabu ya msoto

Ngoja nikupigie hesabu ya maisha ya kijana wa Kimilili au Butula wa miaka ya 1920 na 1930, ndiyo uelewe mbona watu walichoka.

Una kodi ya kibanda, na inatozwa kwa kila nyumba. Mzee mwenye wake wawili analipa mara mbili. Kodi hailipwi kwa mtama tena, inatakiwa doo. Doo hiyo utaipata wapi? Unaweza kuuza mazao, lakini wakati huo Mwafrika alikuwa amezuiwa kupanda kahawa katika sehemu nyingi, ili asishindane na mzungu. Basi unaenda kwa shamba la mzungu Kitale kuchapa wera. Mshahara ni mdogo makusudi. Ukiongezwa mshahara utafikisha kodi haraka na kurudi nyumbani, na mdosi hataki urudi.

Wengine walihamia kabisa na familia na ng'ombe zao wakawa maskwota. Mpango ulikuwa hivi: unakaa kwenye kona ya shamba, unalima kidogo, ng'ombe wako wanakula, na unamfanyia mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Ni sheria ya 1918. Kwa Mbukusu hiyo ilikuwa afadhali mwanzoni, kwa sababu ng'ombe ndio benki. Ng'ombe ndio mahari, ndio karo, ndio tanga la mazishi. Na shamba lenyewe, wazee walijua, lilikuwa lao zamani. Halafu 1937 sheria nyingine ikaja, ikawapa masetla nguvu ya kuamua skwota awe na mifugo wangapi na afanye kazi siku ngapi. Ng'ombe wakapunguzwa. Mtu aliyekuja Trans Nzoia na boma zima anarudi Kimilili na mbuzi, na anapata shamba la baba limeshagawanywa. Kama kuna kitu kimoja kilichojaza watu hasira pande za Elgon, mimi naweka pesa yangu kwa hiyo habari ya ng'ombe kuliko siasa yoyote ya Nairobi.

Ongeza dhahabu. Mwaka wa 1931 ilipatikana Kakamega, wazungu wakafurika na makoleo. Shida ilikuwa kwamba sheria ya 1930 ilikuwa imeahidi kuwa ardhi ya wenyeji ikichukuliwa, watapewa nyingine badala yake. Ahadi ilikuwa na miaka miwili tu. Desemba 1932 serikali ikaibadilisha, sasa unaweza kulipwa pesa na uondoke. Habari hiyo ilitembea wilaya nzima haraka kuliko gazeti. Watu walijifunza kwamba karatasi ya mzungu ina mlango wa nyuma.

Chali wa mpira

Katikati ya hayo yote Masinde alikuwa kijana wa kawaida, na hata alikuwa na nyota. Alikuwa mkali uwanjani. Alikuwa nahodha wa timu ya Kimilili, na mwaka wa 1930 akachezea Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage. Hilo kombe lilianza 1926 na lilipewa jina la kampuni ya sabuni. Baadaye ndilo likakua likawa hili la CECAFA tunalopigia kelele. Kwa hivyo ukiwa shabiki wa Harambee Stars, huyu ni mmoja wa wazee wako wa kwanza kabisa.

Alisoma kidogo na alikuwa mshirika wa Kanisa la Friends, wale Wakweka walioingia Kaimosi mwaka wa 1902 na kupanda makanisa na shule mpaka Kimilili. Kisha akaoa mke wa pili, wakamfukuza. Wamisheni hawakuona ni jambo kubwa: sheria ni sheria. Lakini fikiria upande wake. Kanisa hilo ndilo lilikuwa shule, ndilo lilikuwa njia ya kazi ya kalamu, ndilo lilikuwa heshima mpya. Na masharti yake yaligusa ndoa, pombe ya sherehe, sadaka za mababu, ngoma, karibu kila kitu kilichomfanya mtu kuwa mtu kwao. Wengi walibaki ndani kimya na kufanya mambo yao usiku. Masinde hakuwa mtu wa kimya.

Akapata kazi ya kupeleka hati za mahakama ya wenyeji. Nadhani watu hupita haraka sana hapo wakisimulia maisha yake. Kazi hiyo inakuzungusha. Leo uko kwa mjane anayeitwa juu ya kodi, kesho kwa mzee ambaye shamba lake limechukuliwa na mtu wa chifu, keshokutwa kwa kijana aliyehepa shamba la mzungu. Unaona kila kesi kabla hakimu haijaiona, na unaona nani hushinda. Alifanya kazi hiyo miaka kadhaa, kisha akaacha.

Halafu vita vya pili. Vijana wakaenda KAR, wengine hadi Burma. Waliobaki nyumbani wakakuta mwaka wa 1942 kanuni mpya: serikali inaweza kumchukua mwanaume kwa lazima kwenda kufanya kazi katika mashamba ya watu binafsi, kwa jina la vita. Si mitaro ya jeshi, ni shamba la mahindi la setla. Na mahindi yenyewe serikali iliyanunua kwa bei mbili, ya mzungu juu, ya Mwafrika chini, ingawa ugali wake ni mmoja. Mwaka uliofuata njaa ikapiga sehemu nyingi za nchi. Juu ya hayo wakaja maafisa wa kilimo na amri: chimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, ng'oa gugu hili, usipong'oa faini. Mambo mengine yalikuwa mazuri kwa udongo, tuseme ukweli. Lakini ukilazimishwa kuchimba bila malipo, na aliyekusimamia ana kiboko, hutaki kusikia somo la udongo.

Dini ya Msambwa

Hapo ndipo Dini ya Msambwa inatokea, karibu 1943. Msambwa, kwa Kibukusu, ni roho za mababu na mambo yote ya ibada yanayoenda nao. Masinde hakuwa peke yake, alikuwa na wenzake kama Joasi Walumoli na Benjamin Wekuke. Ujumbe ulikuwa mwepesi kushika. Wele, Mungu wa wazee, hakuletwa na meli. Mlima Masaba ni mahali pa maombi. Mtu anaweza kuoa wake wawili na bado akaomba. Na wazungu warudi kwao, ardhi irudi kwa wenyewe.

Sasa wataalamu wamebishana miaka kama hiyo ilikuwa dini ama siasa. Kwangu mimi swali hilo ni la mtu mwenye kazi nyingine. Kama aliyekuchukulia shamba, aliyekufukuza kanisa na aliyekutoza kodi wanakula meza moja Jumapili, wewe utatenganisha vipi?

Mwisho wa 1944 na mwanzo wa 1945 Masinde alianza kukataa waziwazi. Kung'oa magugu ya amri, hapana. Watu wa chifu walipokuja kuchukua vijana wa wera ya lazima, wakagombana naye mpaka ikawa vita ya mikono. Akapelekwa mahakamani kwa kushambulia. Lakini kilichofuata ndicho kilimfanya gumzo: serikali iliamua kwamba huyu si mhalifu tu, ni mgonjwa wa akili. Akapelekwa Mathari, Nairobi. Alikaa huko mpaka 1947.

Tafakari hiyo kidogo. Malalamiko yake yalikuwa kwamba asilazimishwe kulimia mtu mwingine na kwamba shamba la kwao lirudi. Ukimfunga kama mhalifu, itabidi ueleze kosa lake mbele ya watu. Ukisema ni kichaa, huhitaji kumjibu. Na jina hilo la kichaa limemfuata hata leo, utalisikia kwa watu ambao hawajawahi kujiuliza nani alilibandika.

Alipotoka hakupoa. Septemba 1947 aliongoza maelfu ya watu kupanda Chetambe, kwenye ile ngome ya 1895. Wakatoa sadaka ya mnyama, wakaomba, wakalilia waliokufa pale. Ilikuwa miaka 52 imepita. Kulikuwa na wazee kwenye umati ambao walikuwa watoto ndani ya ngome siku ilipovunjwa, unaweza kupiga hesabu mwenyewe. Serikali ikaona hii si maombi tena, ikatoa amri akamatwe. Akahepa. Miezi kadhaa alikuwa anapitia keja hii na ile, mapangoni, na watu wakimficha, wakati makarao wanapiga doria.

Malakisi, Februari 1948

Malakisi unaipata ukitoka Malaba ukielekea Sirisia, si mbali. Tarehe 7 Februari 1948 wafuasi wa Dini ya Msambwa waliandamana kwenye misheni ya Wakatoliki. Baadhi yao wakakamatwa. Tarehe 10 umati ukaja kituo cha polisi Malakisi, mamia ya watu, kutaka wenzao waachiliwe. Polisi wakafyatua risasi. Hesabu ya serikali yenyewe: watu 11 wakafa na 16 wakajeruhiwa.

Hao 11 hawamo katika nyimbo nyingi. Mwezi huohuo huko Accra polisi walipiga risasi askari wa zamani waliokuwa wakiandamana, watatu wakafa, na Ghana yote inakumbuka siku hiyo kila mwaka kama mwanzo wa safari ya uhuru. Malakisi walikufa zaidi ya mara tatu ya idadi hiyo, wiki mbili na nusu tu mapema. Jiulize kama mwalimu wako wa historia aliwahi kulitaja jina Malakisi, mimi nyamaze.

Siku chache baadaye dini ikapigwa marufuku, na tarehe 16 Februari Masinde akabambwa. Akapelekwa uhamishoni Lamu, upande wa pili kabisa wa nchi, mbali na Masaba kadiri walivyoweza. Walumoli na Wekuke nao wakaondolewa. Masinde angekaa huko nje kwa miaka kama 12.

Moto haukuzimika alipoondoka. Nyumba na shule zikachomwa pande za Kimilili na Trans Nzoia. Dini ikavuka mpaka kuingia Bugisu, kwa ndugu wale waliotenganishwa na mstari wa 1902. Na ikapanda kaskazini kwa Wapokot, kupitia kijana anayeitwa Lukas Pkech, aliyehepa gerezani na kuendelea kuhubiri. Tarehe 24 Aprili 1950, pale Kolloa, Baringo, Pkech na wafuasi wake wakakutana na kikosi cha serikali. Wakafa maafisa watatu wazungu na askari mmoja Mwafrika, na upande wa Wapokot watu 29, pamoja na Pkech mwenyewe. Wengine saba baadaye wakanyongwa. Hii ni miaka miwili na nusu kabla ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952. Wasiwasi wa gava kuhusu dini za Waafrika na viapo haukuanzia Nyeri peke yake.

Uhuru ulipofika

Masinde alirudi nyumbani uhuru ukibisha mlango. Ungedhani sasa ni shangwe, shujaa amerudi, apewe kiti. Dini ikasajiliwa 1964. Kisha mambo yakaharibika tena, na sababu ni ileile: ardhi.

Masetla wa Trans Nzoia waliondoka, lakini mashamba hayakurudi kwa waliokuwa wakilisha pale. Yaliuzwa. Kulikuwa na miradi ya makazi, mikopo, malipo ya kila mwaka, na wenye doo au wenye watu Nairobi walichukua vipande vikubwa. Masinde na wafuasi wake hawakuelewa ni kwa nini mtu anunue shamba la kuka wake kwa mkopo, pesa iende kwa yule aliyelipata kwa bahati nasibu. Sijui wewe, lakini mimi hiyo hoja naiona ngumu kujibu. Gava ya Kenyatta haikujibu. Mwaka wa 1968 ikapiga marufuku Dini ya Msambwa, kama mkoloni alivyofanya miaka 20 kabla, na Masinde akarudi kwenye maisha ya kuingia na kutoka jela. Aliachiliwa 1978, Moi akiwa ameshika usukani. Alikuwa mzee wa karibu miaka 70 sasa.

Hakuwa malaika, tusimpake rangi. Alikuwa mkali, hakupenda kupingwa, na kuna familia zilizochomewa nyumba na wafuasi wake ambazo hazikuwa na kosa lolote isipokuwa kwenda kanisani ama kuwa na jamaa kwa chifu. Walimu na wakatekista Waafrika waliishi kwa hofu miaka hiyo. Ukiongea na watu wa Kimilili wenye umri, utapata wanaomheshimu na utapata wanaotikisa kichwa, wakati mwingine katika boma moja.

Na hizo jumbe za unabii unazotumiwa kila uchaguzi, kwamba Masinde alisema fulani atakuwa rais mwaka fulani, zichukue polepole. Nyingi hutokea jambo likishatendeka. Mzee amebebeshwa maneno ya kila mgombea wa magharibi.

Alifariki tarehe 8 Juni 1987, nyumbani kwao Kimilili.

Kama uko Butula na una siku moja bila wera, panda mat ya Mumias, unganisha Bungoma, teremka Webuye. Hapo mwambie mtu wa boda akupandishe Chetambe. Elewaneni bei kabla hamjaanza kupanda, barabara ni mwinuko.